Upungufu wa damu si kupungua kwa damu

Juzi jioni, kwenye njia ya ufuoni iendayo Shela, nilimsikia kocha wa vijana akimwambia mchezaji wake aliyekuwa akihema: "Wewe una upungufu wa damu, si ulitoa damu wiki iliyopita?" Mwenziwe akadakia: "Aa, damu hurudi kwa siku mbili." Nimeyasikia haya mara nyingi mno hapa Lamu. Wote wawili wameteleza, na kilichowatelezesha ni jina.

Upungufu wa damu ni hemoglobini kuwa chini ya kiwango. Hemoglobini ni protini yenye madini ya chuma, imo ndani ya chembe nyekundu, na ndiyo inayobeba oksijeni. Basi.

Tabu ni kwamba jina lataja damu, na msikiaji hufikiria mtungi uliopungua maji. Wazee walikuwa na neno safura, kutoka Kiarabu, lenye asili ya umanjano. Walilitumia zaidi kwa maradhi ya minyoo inayofyonza damu tumboni, kwa hiyo haliwezi kubeba maana yote. Lakini nalisikitikia, kwa sababu lilitazama rangi ya mgonjwa, halikutazama wingi wa damu, na rangi ndiyo iliyo karibu na ukweli.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Akitoa, huchukuliwa kama mililita 450. Maji na chembe hutoka pamoja, kwa uwiano uleule, hivyo ukimpima papo hapo utakuta hemoglobini karibu ni ileile ya mwanzo. Damu imepungua kweli, na upungufu wa damu hana! Akiinuka ghafla aweza kushikwa na kizunguzungu, ndiyo maana huambiwa anywe maji kwa wingi na asifanye mazoezi mazito siku hiyo.

Baada ya siku moja au mbili mambo hugeuka. Mwili umeshavuta maji kwenye mishipa, wingi umetimia, ila damu imezimuliwa. Chembe bado chache.

Hapo ndipo kijana anapohema, na mapafu yake hayana kosa: oksijeni yaingia kama kawaida, na kila chembe yapakia mzigo wake kamili. Watazame punda wanaobeba mchanga kutoka gatini. Walikuwa kumi, wamebaki tisa, na mchanga watakiwa ufike kwa saa ileile. Itabidi waende mbio zaidi. Anayewakimbiza ni moyo, kwa hiyo mapigo hupanda kwa mwendo uleule aliouzoea. Akitembea hahisi kitu. Akikaza hadi mwisho wa nguvu zake, atakuta kikomo kimeshuka.

Figo hutoa homoni ya kuuambia uboho ulio ndani ya mifupa utengeneze chembe mpya, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, yapata 4 hadi 8. Chuma, ambacho hutoka miligramu 200 hadi 250 kwa mara moja, hukawia zaidi. Ndiyo sababu hapa kwetu mwanamume huambiwa angoje miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4.

Kwa hiyo, kocha, usimwite mgonjwa. Hemoglobini ya mtoaji mwenye afya hushuka kidogo, na mara nyingi hafiki kwenye mpaka wa maradhi. Sema chembe zake hazijatimia, umpunguzie kasi wiki hizi. Na yule wa siku mbili, mwambie kilichorudi ni maji.