Tunachemsha maji kila siku, mbona meno ya watoto bado yana madoa?

Nakaa Usa River, Arusha. Maji nachemsha bila kukosa, lakini meno mapya ya mwanangu yanaota na madoa ya kahawia. Nakosea wapi?

Hujakosea, mama. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Madoa yanaletwa na floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyuka ndani ya maji. Hayo moto hauyawezi. Sufuria ya lita 4 ikitokota hadi zikabaki lita 3, floraidi yote inabaki mle mle, ila sasa imo kwenye maji machache zaidi. Kwa hiyo yakishatokota dakika moja, epua.

Wanaoumia zaidi ni watoto chini ya miaka minane, kwa sababu meno ya ukubwani yanajengwa wakati huo, yakiwa bado ndani ya fizi. Doa likishaingia, mswaki hauliondoi.

Ni meno tu?

Hapana. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi miaka na miaka huumwa viungo, mgongo hukakamaa, na watoto wengine miguu hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Maji yetu ni meupe kabisa. Si ina maana ni salama?

Floraidi haina rangi, harufu wala ladha. Kata ya Maji ya Chai ina jina la rangi, lakini rangi haikuambii lolote hapa. Peleka maji ya kisima chako maabara yakapimwe. Ya mvua huwa na floraidi kidogo sana, hivyo mwenye bati safi na tanki asiyaache yakapotea.

Na magadi je? Haya tunayotilia kiburu (chakula chetu cha ndizi) na maharage mara nyingi yana floraidi nyingi kuliko hata maji. Loweka maharage usiku kucha, magadi uyaache. Najua bibi atalalamika.

Nimesikia kuna chujio la mifupa ya ng'ombe. Ni kweli au ni ushirikina?

Ni kemia. Floraidi hupenda kujishika kwenye mifupa, ndiyo maana inatuumiza. Basi tunaipa mifupa ya ng'ombe kabla haijafika kwetu. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hii miaka mingi: mifupa iliyokuwa taka inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa chengachenga, kisha maji yanapitishwa humo taratibu.

Uchomaji ndio wenye kazi. Mifupa isiyoiva vizuri huyapa maji harufu ya nyama, na iliyoungua hadi kuwa myeupe hunasa floraidi kidogo. Usijaribu kwenye jiko la nyuma ya nyumba. Mkaa huo wa mifupa pia hushiba, na ukishashiba maji hupita na floraidi yake, kwa hiyo yapimwe tena mara kwa mara. Chuja kwanza, ndipo uchemshe, maana ndani ya chujio vijidudu vinaweza kuzaliana.

Tengeru nako, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio la mchanga na nano (chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho) lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015.

Kuni ni ghali. Chai iliyopikwa kwa gesi ya kinyesi cha ng'ombe ina madhara?

Haina. Kinyesi kinabaki kwenye mtambo uliofunikwa. Vijidudu visivyohitaji hewa vinakivunjavunja, na gesi inayotoka inafika jikoni kwa bomba. Kwenye sufuria hakiingii kitu. Kinachoumiza mapafu ya mama na mtoto wa mgongoni ni moshi wa kuni.

Ng'ombe wawili watatu wa zizini wanatosha kuendesha mtambo mdogo. Changanya kinyesi na maji, kiasi sawa kwa sawa. Moto ukiwa wa bluu, gesi iko sawa. Tope linalobaki peleka kwenye migomba.