Uyoga na jua: "Mwalimu, si litaua vitamini?"

Nimeulizwa tena, mara ya tatu mwezi huu. Safari hii ni mama mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, mwenye banda zuri la mamama, ule uyoga wa kufugwa, nyuma ya nyumba. Amevuna kilo nne, zote kaanika chini ya mwembe ilhali uwanja mzima unawaka jua. Namuuliza sababu, ananijibu: "Mwalimu, jua si litaua vitamini?"

Jamani, hapana! Kwenye uyoga, jua ndilo linalotengeneza vitamini D. Najua kosa lilikoanzia. Tunafundisha kwamba mchicha, matembele na majani ya kunde yaanikwe kivulini, na ni kweli, maana jua kali huharibu vitamini A na C. Watu wakauchukua ushauri wa majani wakautwisha uyoga. Uyoga si jani. Una ergosteroli, kemikali yake ya asili, ambayo ikipigwa na miale ya urujuanimno (UV) ya jua hugeuka kuwa vitamini D2, hata baada ya kuchumwa. Uliokulia gizani bandani huwa na vitamini D kidogo mno, chini ya mikrogramu 1 kwa gramu 100. Ukianikwa jua la mchana huweza kufika 10 na zaidi, na mtu mzima anahitaji 15 kwa siku. Sisi wa Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua hilo tunalo mwaka mzima, halafu tunalikimbilia kivulini!

Chana mamama vipande vyembamba, vitandaze kwenye ungo bila kupandana. Ule upande wa chini, wenye mistari kama matamvua ya sato, utazame juu. Ndio unaotengeneza vitamini nyingi kuliko mgongo. Toa nje kati ya saa tano na saa tisa, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe. Muda wa saa moja watosha. Kaa hapo hapo ufukuze kuku. Baadaye malizia kukausha popote, hata chini ya mwembe uleule, kisha hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na unyevu na mwanga.

Wanaoanika ndani, nyuma ya dirisha, ili kukwepa vumbi: kioo huizuia miale hiyo, mnapoteza muda.

Na moto haumalizi vitamini D. Ukikaanga kwa muda mfupi, sehemu kubwa hubaki. Usiogope mafuta au karanga, kwa sababu vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta na mwili huipokea vizuri zaidi.

Linalonitia hofu ni lile dai la uyoga wa porini, kwamba jua kali huondoa sumu. Haliondoi. Hata kuchemsha hakuondoi sumu ya ule unaoua. Usioufahamu usiuchume. Mtu akila akaanza kutapika, mkimbize hospitali hata kama baadaye anaonekana kupata nafuu, na ubebe kipande cha uyoga huo daktari akione.