Kina cha msumari kwenye bunduki ya finishi

Bunduki ya finishi hutumia upepo wa kompresa kupigilia misumari myembamba yenye vichwa vidogo kwenye fremu za milango, skatingi (mbao za chini ya ukuta) na urembo wa mbao. Kina cha msumari ni kiasi ambacho kichwa chake kimezama chini ya uso wa mbao. Milimita 1 hadi 2 hutosha: puti inapata pa kushika, msasa unapita, na alama haionekani. Kichwa kikibaki juu, kitachana msasa. Kikizama mno, mbao nyembamba hupasuka, na kwenye MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) msumari unaweza kuchimba hadi ubao ukabaki haujashikwa vizuri.

Kina hutokana na presha pamoja na kirekebishi cha kina, na wengi huvichanganya. Presha ndiyo nguvu. Bunduki nyingi za aina hii hufanya kazi kati ya psi (kipimo cha presha) 70 na 120, lakini soma kiwango cha juu cha yako na usikivuke. Anzia chini, panda kidogo kidogo mpaka msumari uingie wote. Hapo iache presha, uhamie kwenye kirekebishi, mara nyingi kigurudumu kidogo karibu na mdomo wa bunduki, kinachoamua pini ya kupigia ifike wapi. Kuongeza presha kila msumari unapobaki juu ni kuichakaza mipira ya ndani bure.

Jaribu kwenye kipande cha mbao ileile, chenye unene uleule. Na kabla ya kugusa kigurudumu, jiulize: mdomo ulikuwa umekaa sawasawa na kukandamizwa vizuri? Tangi la kompresa lilikuwa na upepo wa kutosha? Tangi dogo huishiwa haraka ukipiga mfululizo.

Chomoa mpira wa upepo kabla ya kutoa msumari uliokwama, na kabla ya kurekebisha kina pia. Kifunga-usalama cha mdomoni, kinachozuia bunduki isipige mpaka mdomo ukandamizwe kwenye mbao, kisifungwe waya wala kuondolewa. Usiunganishe kamwe mtungi wa oksijeni badala ya kompresa. Bunduki inaweza kulipuka.

Ninachosisitiza kuliko vyote ni mkono unaoshikilia mbao. Msumari mwembamba ukikutana na fundo la mbao hujikunja ndani na kutokea ubavuni. Kwa hiyo msumari wa milimita 50 unataka vidole vikae mbali zaidi ya milimita 50, kila upande, na miwani iwe machoni tangu msumari wa kwanza wa majaribio.