Soko halina kosa: dhana potofu za wanaosimamia fleti Kampala

Pita Najjera, Kyanja, Kira au Bunga uone vibao vya kutangaza nyumba za kupangisha. Majengo ni mapya, rangi haijapauka, vigae vinang'aa, lakini ukiinua macho unaona madirisha yasiyo na pazia. Mwenye nyumba akiulizwa, atasema soko ni baya, watu hawana pesa. Mimi kazi yangu ni kusimamia fleti, na nasema wazi kwamba mara nyingi soko halina kosa. Tumezoea kudhani kutafuta wapangaji ni shughuli ya nje ya geti, na uongozi ni kukusanya pesa mwisho wa mwezi. Hizo ni kazi moja. Anayeongoza vibaya ndani atatangaza mpaka achoke.

Dhana: Nikipandisha pango kila mwaka, napata zaidi

Hii ndiyo inayowagharimu wenye nyumba wengi, kwa hiyo tuifanyie hesabu. Fleti inalipa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mpangaji analipa kwa wakati, hana kelele, watoto wake wanasoma jirani. Mwenye nyumba anaongeza 100,000. Mpangaji anahama. Nyumba inakaa tupu miezi miwili, na hapo zimepotea 2,000,000. Ile nyongeza ya 100,000 itachukua miezi 20 kurudisha tu pesa iliyopotea, na bado hujapaka rangi, hujamlipa dalali, hujabadilisha bomba la sinki alilokuwa akilivumilia yule aliyeondoka.

Na huwezi kupandisha utakavyo. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka, isipokuwa waziri apange kiwango kingine. Wapo wanaoichukulia ile 10 kama amri, kana kwamba usipoifikia umejiibia. Ile ni dari tu. Mpangaji mzuri wa miaka mitatu anastahili kuitwa, mkakaa mkazungumza, mkakubaliana nyongeza ndogo au mkaacha kabisa mwaka huo. Mwenye nyumba ambaye hajui mpangaji wake anafanya kazi gani wala watoto wake wanasoma wapi hawezi kuyafanya mazungumzo hayo.

Dhana: Kutafuta wapangaji ni kazi ya dalali

Dalali ana nafasi yake, sitamtukana. Anajua mitaa, ana simu za watu, anatembea juani. Tatizo ni mwenye nyumba anayemwachia kila kitu. Dalali anamtoza mteja pesa ya kuonyeshwa nyumba, anampeleka nyumba nne ambazo hakuziomba, anaongeza chake juu ya pango bila mwenye nyumba kujua, kisha mteja anaondoka akiwa na hasira na jengo lako, jengo ambalo hata hujapata nafasi ya kulieleza.

Kubalianeni kwa maandishi: malipo yake ni kiasi gani, analipwa na nani, na anayapata lini. Mimi hushauri alipwe na mwenye nyumba, baada ya mpangaji kusaini na kulipa. Mteja asitozwe kuangalia. Halafu anza daftari dogo: kila mpangaji anayeingia, andika amelijuaje jengo. Kibao cha getini, WhatsApp, Facebook, TikTok, dalali, rafiki anayekaa ghorofa ya pili? Baada ya mwaka utajua pesa ya matangazo iende wapi. Kinachonishangaza ni jinsi watu wanavyolipia mabango huku hawajawahi kuwauliza wapangaji wao swali hilo moja.

Tangazo lenyewe liseme kweli. Picha za mchana, mapazia yamefunguliwa, bafu lionekane, jiko lionekane, na barabara ya kuingia ionekane pia. Usiandike "dakika tano kutoka lami" kama ni dakika tano za bodaboda wakati wa kiangazi. Mvua za Machi hadi Mei zitafika, na tena zile za Septemba hadi Novemba, na mpangaji atagundua matope aliyofichwa. Taja bei. Tangazo lisilo na bei linaleta simu nyingi za watu wasioweza kulipa, na linawafukuza wanaoweza.

Tena jiulize unamtangazia nani. Kansanga yenye wanafunzi wa Kampala International University haitafuti kinachotafutwa Kololo. Mwanafunzi anauliza umbali wa kutembea, intaneti na usalama wa usiku. Familia ya Namugongo inauliza shule, maji na mahali pa kuegesha gari. Na kuna jambo tunalolisahau sisi tulio Kampala. Kabalagala, Makindye na Nsambya wamo wapangaji Wakongo, Wakenya, Watanzania, watu wa Sudan Kusini, na Kiswahili huwakutanisha wengi wao. Kenya na Tanzania tuko nazo katika Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010, Sudan Kusini ikajiunga na Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022. Tangazo la mistari sita kwa Kiswahili halina gharama. Nimeona majengo yanayokataa "wageni" kwa hofu tu, huku fleti zikikaa tupu. Mwombe kitambulisho, mwombe mtu wa kumdhamini, kama unavyomwomba mwenyeji. Zaidi ya hapo ni ubaguzi.

Dhana: Askari ni wa kufungua geti tu

Angalia linalotokea Jumamosi asubuhi. Mama anashuka kwenye bodaboda, ameona kibao, anagonga.

"Kuna nyumba?"

"Ipo, nnyabo, lakini mwenyewe hayupo."

"Ya vyumba vingapi? Bei gani?"

"Hayo sijui. Piga namba hiyo."

Anapiga, simu haipokelewi, anapanda bodaboda nyingine. Mpangaji ameondoka na lawama zote ataachiwa askari, mtu ambaye hakuambiwa lolote, pengine hajalipwa mshahara wa mwezi uliopita. Wateja wengi wanakutana naye kabla hawajakutana na yeyote mwingine.

Mpe ufunguo wa fleti iliyo wazi. Mwandikie kwenye karatasi: vyumba, bei, malipo ya kuanzia, maji yanalipwaje, taka zinachukuliwa siku gani. Mfundishe aanze kuonyesha wapi. Akileta mpangaji, mpe zawadi kama ambavyo ungempa dalali. Na mlipe mshahara wake kwa wakati, hili ndilo la kwanza. Meneja anayewadai wapangaji tarehe 1 na kumlipa askari tarehe 20 ameshapoteza uongozi wa jengo, hata kama bado anashika rejista.

Dhana: Meneja mzuri haonekani

Husemwa kwa kusifu: "Jengo lake limetulia, hata hajulikani." Kisha maji yanakatika Ijumaa jioni. Tangi la juu limekauka, hakuna aliyeambiwa, watu wanarudi kutoka kazini wanakuta bomba linakohoa. Kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji ujumbe unafuata ujumbe: "Maji vipi?" "Hata sisi hatuna." "Meneja yuko wapi?" Kufika saa nne usiku jengo zima limekubaliana kwamba uongozi hauwajali, na watatu kati yao wana ndugu wanaotafuta nyumba.

Ujumbe mmoja saa kumi na moja jioni ungebadilisha usiku huo: maji ya mtaa yamekatika tangu saa tisa, nimeshawasiliana na shirika la maji, gari la maji litafika saa moja, kila nyumba ipate madumu mawili kwanza. Tangi litakuwa bado kavu, ila watu watajua kuna mtu kazini.

Mambo mengi ya uongozi wa fleti ni ya namna hii, ya kutangulia. Sehemu kubwa ya Kampala haijaunganishwa na mfumo wa maji taka, kwa hiyo shimo la choo la jengo lina siku yake ya kujaa, na siku hiyo inaweza kukadiriwa. Gari la kunyonya liitwe kabla harufu haijawaita wapangaji. Mifereji izibuliwe Februari na Agosti, kabla ya mvua. Tarehe ya kusafisha tangi ibandikwe ubaoni pale ngazini, na ikipita bila kazi kufanyika, bandika sababu.

Kuna pia mita. Jengo lenye Yaka moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kwa nyumba nne ni kiwanda cha ugomvi. Mmoja ana friji mbili, mwingine ana taa tatu, na wote wanachangia sawa. Isitoshe, mteja wa nyumbani hupata uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa bei ya chini, na nyumba nne kwenye mita moja zinagawana punguzo la nyumba moja. Kuomba mita za kila nyumba kuna usumbufu na gharama, lakini jengo lenye mita zake linajitangaza lenyewe kwa kila anayekuja kuuliza.

Dhana: Asiyelipa, mzimie umeme au mfungie mlango

Hapana. Sheria ya 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya kumtoa mpangaji, na kumtoa bila amri hiyo ni kosa. Anayeng'oa mlango au kukata maji ili mtu ahame anageuka mshtakiwa katika deni ambalo yeye ndiye aliyekuwa akidai.

Najua jibu litakalofuata: mahakama inachelewa. Ni kweli inaweza kuchelewa, na ndiyo maana kazi inapaswa kuanza siku ya tatu ya deni, isingoje mwezi wa tatu. Piga simu, sikiliza. Mtu aliyepoteza kazi na mtu aliyezoea kuchelewa ni watu wawili tofauti. Wa kwanza mpe mpango wa malipo ulioandikwa, au mwachie ahame kwa amani akikubali deni lake kwa maandishi. Wa pili mwandikie barua rasmi mapema, umjulishe mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, uweke nakala. Jirani anayemwona mwenzake akitupiwa godoro nje huanza kutafuta nyumba nyingine, hata kama yeye hulipa kwa wakati.

Dhana: Tunaaminiana, karatasi ya nini?

Upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi ni lazima uwe wa maandishi, au wa ujumbe wa kielektroniki. Hiyo ni sheria, lakini hata chini ya kiwango hicho andika. Na sarafu iwe wazi: pango ni la shilingi isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Nakala za vitambulisho unazochukua nazo zina mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inakuhusu wewe pia, hivyo zisizagae kwenye meza ya getini.

Dhana: Gharama za matengenezo zitapunguza kodi yangu URA (Mamlaka ya Mapato Uganda)

Kwa mtu binafsi, tangu Julai 2023, kodi ya mapato ya pango ni asilimia 12 ya mapato yote yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kutoa gharama yoyote. Fleti nane za 700,000 kwa mwezi zikijaa mwaka mzima zinaleta 67,200,000. Ondoa 2,820,000, zinabaki 64,380,000, na kodi yake ni 7,725,600. Uwe umebadilisha paa zima au hujagusa hata bawaba, ni ileile. Kampuni ina utaratibu wake: asilimia 30, na inaruhusiwa kutoa gharama, lakini zisizidi nusu ya mapato.

Kwa hiyo, kwa mwenye nyumba binafsi, kila shilingi ya ukarabati inatoka mfukoni mwake yote. Bomba linalovuja leo kwa bei ya fundi mmoja, likiachwa, litakuja na dari, rangi na godoro la mpangaji wa chini. Fundi wa jengo awe na namba inayopokelewa.

Dhana: Mwenye fleti ya chini hahusiki na paa

Hii ni kwa majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe. Chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2001, paa, ngazi na viwanja ni mali ya pamoja, na kila mwenye fleti huchangia kwa hisa yake. Meneja hapo ni mtumishi wa wamiliki wote, na hesabu zao anapaswa kuzisoma mkutanoni mbele yao.

Dhana: Anayehama hana faida tena

Anayehama ndiye atakayeulizwa ofisini, kanisani, msikitini: "Pale ulipokuwa unakaa pakoje?" Jibu lake litategemea sana alivyopewa amana yake.

Siku ya kuingia, pitieni vyumba pamoja. Piga picha ukuta wenye alama, andika namba ya mita na kilichobaki ndani yake, hesabu soketi, fungua kila bomba, wote wawili msaini. Siku ya kutoka rudini na karatasi ileile. Kioo kilichopasuka atakilipia, na mwonyeshe risiti ya fundi. Rangi iliyochakaa kwa kukaliwa ni ya mwenye nyumba, usimkate. Kinachobaki mtumie siku hiyohiyo kwenye simu, kabla lori la mizigo halijatoka getini, na uongeze ada ya kutoa na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, ili kiasi mlichokubaliana kimfikie kamili mkononi.