Riwaya ya uhalisia ya vijana wa kiume ni kitu gani hasa?

Huku Mbeya ukimwambia mzazi au hata mwalimu "riwaya ya vijana", wengi wanafikiria hadithi za sungura na fisi zilizorefushwa, au vile vitabu vya mapenzi wanavyopokezana bwenini taa zikizimwa. Sio hivyo kabisa. Riwaya ya uhalisia ya vijana ni hadithi ndefu ya kubuni ambayo mhusika wake mkuu ana miaka kama 13 mpaka 18, na kila kinachomkuta kinaweza kumkuta mtu kweli, hakuna jini, hakuna pete ya maajabu, hakuna tajiri anashuka kwenye gari ukurasa wa mwisho analipa madeni yote. Zile za vijana wa kiume zinamchukua dogo zinamweka mbele ya jambo zito, labda kafiwa na mzazi, labda kesi, kundi la mtaani, njaa, ugonjwa, baba anayepiga, alafu zinamfuata hatua kwa hatua tuone anavyolibeba.

Umri wa mhusika peke yake hautoshi lakini. Chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ilitoka kwa Kiingereza 1994 na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili ikatoka 2022. Yusuf mle ndani ni mtoto, baba yake kamtoa kwa mfanyabiashara kufidia deni, ni kisa kizito sana, ila kitabu chenyewe kimeandikwa kwa watu wazima na kinabeba misafara ya biashara, utumwa, Wajerumani wanavyoingia. Kijana wa kidato cha nne anaweza kukisoma akafaidi tu vizuri. Riwaya ya vijana yenyewe inakaa ndani ya kichwa cha kijana na haitoki, mara nyingi anasimulia mwenyewe kwa "mimi", anajua kile tu ambacho mtu wa umri wake angekijua siku ile, hasira bado ya moto na aibu bado mbichi. Sio mzee wa miaka 50 anakumbuka ujana wake na kuutolea busara.

Kwa Marekani watu wengi wanaanzia hesabu mwaka 1967, ilipotoka The Outsiders ya S.E. Hinton, inahusu Ponyboy, dogo wa miaka 14 huko Tulsa, wazazi wamekufa kwa ajali, analelewa na kaka zake na yupo kwenye kundi linalopigana na watoto wa matajiri. Mwandishi alianza kuiandika akiwa bado anasoma sekondari, na ni mwanamke, wachapishaji ndio waliona jina liandikwe kwa herufi za mwanzo tu ili wahakiki wa kiume wasikidharau kitabu cha wavulana kisa kimeandikwa na binti. Kabla ya hapo vijana walikuwa wanaandikiwa zaidi vitu vya kuwafurahisha walezi wao.

Sasa hapa ndo penye kiini, na hapa ndo wengi wanapotea. Watu wanadhani uhalisia ni wingi wa mateso, kwa hiyo mwandishi anamuua baba, anamuua mama, anachoma nyumba, anamfukuza mtoto shule, yote hayo sura ya kwanza. Mateso yenyewe hayaleti uhalisia. Kinacholeta ni kwamba kuna sehemu dogo anatakiwa aamue mwenyewe, njia zote mbili zina gharama, na akishaamua hakuna mtu mzima anakuja kumfutia. Baba, mama, mwalimu, mchungaji wote wapo, na wengine ni wema kabisa, ila hawawezi kuamua badala yake.

Monster ya Walter Dean Myers, ya 1999, inaonyesha hili vizuri kuliko maelezo yangu. Steve Harmon ana miaka 16, anatoka Harlem, mtaa wa New York, yuko mahakamani anashtakiwa kwamba alienda kuangalia kama duka liko salama kuibiwa, na kwenye wizi ule mwenye duka akafa. Anaandika kesi yake kama vile ni filamu, katikati anaweka kurasa za shajara ya jela. Mwisho anaachiwa, lakini anapomgeukia wakili wake amkumbatie, yule mama anageuka pembeni, na Steve anabaki kujiuliza yule mama aliona nini kwake. Msomaji hapewi jibu. Kitabu hiki ndicho cha kwanza kushinda tuzo ya Printz, mwaka 2000, tuzo ya Marekani ya vitabu vya vijana.

Linganisha na hadithi zetu za mafunzo. Ile ya mafunzo inajua mapema nani mkosefu, dogo anaacha shule, anafuata makundi, anavuta bangi, anafungwa, analia, kwisha. Msomaji wa miaka 15 ameshajua kuanzia ukurasa wa tatu kwamba anasemwa yeye, na akishajua hivyo kitabu anakifunga. Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, ambayo wengi tumeisoma sekondari, ina mafunzo ndio, lakini kwangu mimi iko karibu zaidi na hii dhana, maana Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa ada na sare kwanza ndipo wanaishia kuokota jalalani, unauona mlango unafungwa kabla hujaona kosa. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa 2016, ila kijana anayekosa viatu, daftari na hela ya chakula bado anamuelewa Peter bila kuelezwa.

Ukitaka kuiona dhana ikiwa hapa kwetu, fikiria Njombe au Iringa, mikoa ambayo kwa miaka mingi imekuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU nchini. Tuseme yupo dogo wa kidato cha pili, kazaliwa na VVU, kalelewa na bibi kijijini, sasa yuko bweni la wavulana na dawa anatakiwa kumeza kila siku saa ile ile. Kopo likitikiswa linalia. Anahamishia vidonge kwenye karatasi, anaficha ndani ya soksi kwenye tranka, alafu kiranja anaanza msako wa simu. Hapo tayari una riwaya, si lazima afe mtu. Amwambie rafiki yake wa kitanda cha juu? Aache kumeza mpaka likizo? Atoroke arudi kwa bibi? Kila jibu linamgharimu, na mwandishi mzuri atakaa humo kurasa 200 bila kuhubiri hata mara moja. Vivyo hivyo kwa dogo wa Chunya anayetaka kuacha shule aende machimboni kwa sababu kaka yake alirudi na pikipiki, au wa Mafinga anayebeba mbao kwa kulipwa siku.

Na kuna jambo ambalo hizi za wavulana zinalishika kuliko vitabu vingine, ni ule ukimya. Kwetu mtoto wa kiume akifiwa anaambiwa ajikaze, akipigwa anaambiwa ndo anakua, kwa hiyo anafika miaka 17 ana maneno mengi ya mpira na karibu hana neno la huzuni. Ndani ya riwaya anakutana na mtu wa umri wake anayesema kwa sauti ya ndani kile ambacho yeye hajawahi kukitamka kwa mtu, na hakuna anayemuangalia wakati anasoma.

Mwisho wake mara nyingi hauna pambio. Robert Cormier, mwandishi wa Marekani, alipoandika riwaya ya The Chocolate War, 1974, wachapishaji kadhaa walitaka abadilishe mwisho uwe mtamu, akakataa, na kitabu kikatoka vile vile. Wazazi wanaouliza kama vitabu vya namna hii vinafaa kwa mtoto wa miaka 14 wana haki ya kuuliza, kuna damu, kuna matusi, kuna mambo ya mwili. Mimi nasema asome, na mzazi asome pia kitabu hicho hicho, maana mengi yaliyomo mtoto ameshayaona mtaani Mwanjelwa au Tunduma, tofauti ni kwamba huko aliyaona peke yake.