Ugonjwa wa Wilson: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ini likiharibika, lazima ni pombe." Kauli hii inawaumiza watu wasiowahi kuonja hata tone, wakiwemo watoto. Kwa mwenye ugonjwa wa Wilson, kinachoharibu ini ni shaba. Sote tunaipata kwenye chakula, na inayozidi hutolewa na ini kupitia nyongo. Jeni ya ATP7B ikiwa na hitilafu, shaba hiyo haitoki. Inalundikana kwenye ini, mwishowe inaingia kwenye damu na kufika ubongoni.

Ikishafika huko, watu husema kijana amekuwa mvivu au amerukwa na akili. Mwandiko uliokuwa safi unapindapinda. Mkono unatetemeka akinyanyua kikombe, ulimi unakuwa mzito, udenda unamtoka, hasira zinampanda bila sababu. Anagombezwa miezi na miezi kabla hajatokea mtu wa kumpima seruloplasimini (protini inayobeba shaba) kwenye damu na shaba kwenye mkojo wa saa 24. Daktari wa macho naye anaweza kuona pete ya kahawia pembezoni mwa konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho, ila kuikosa hakumaanishi mtu ni mzima. Wengi walioathirika ini peke yake hawana pete hiyo.

"Wazazi hawaumwi, basi si wa kurithi." Ni wa kurithi hasa. Mtoto huugua akipokea jeni yenye hitilafu kwa baba na kwa mama pia, nao wenyewe hawana dalili yoyote. Kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa, kwa hiyo ndugu wa mgonjwa wapimwe hata kama wanaruka na kucheza.

Kuacha vyakula vyenye shaba nyingi, kama maini na chokoleti, kunasaidia, lakini hakutoshi.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni hii: "Nimepata nafuu, naacha dawa." Mwaka 1956 daktari Mwingereza John Walshe alionyesha kwamba dawa ya penisilamini hutoa shaba kupitia mkojo, na ugonjwa uliokuwa ukiua ukaanza kutibika. Siku hizi kuna pia trientini, na zinki inayozuia utumbo usifyonze shaba. Hakuna hata moja inayorekebisha jeni. Anayeacha dawa anaweza kujisikia vizuri kwa miezi, kisha ini likafeli ghafla, likabaki suala la kupandikizwa jingine. Hata mjamzito haachi. Daktari humrekebishia dozi. Na wapo ambao mitetemo huwazidi wiki za mwanzo za matibabu. Hilo mwambie daktari siku hiyohiyo, usiamue peke yako.