Je, wajua kwa nini maji yanayochemka Nairobi hayafai kukagulia kipimajoto?

Nilinunua kihisio cha joto aina ya DS18B20 huko Luthuli Avenue, kile chenye waya mrefu na kichwa cha chuma, nikifunge kwenye mtambo wa kutotolea vifaranga. Kabla ya kukiamini nikakitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Kikasoma 94. Nikaamua ni kibovu, nikaiagiza programu iongeze nyuzi 6.

Kumbe kihisio kilisema kweli. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari, kama Mombasa. Ili yachemke, mvuke lazima ufurishe viputo ndani yake, huku uzito wa hewa ukivibana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa iliyobaki juu yetu ni pungufu, viputo vinashinda mapema, kwenye nyuzi 94 hivi. Ongeza moto upendavyo: maji yatatokota kwa fujo zaidi, joto halipandi. Tena mtengenezaji wa DS18B20 anaahidi kosa lisilozidi nusu nyuzi kati ya -10 na 85 tu. Lau ningeziacha zile 6, mtambo ungeonyesha 37.5 yanayotakiwa na mayai ya kuku, kumbe ndani ni 31.5.

Cha kuaminika ni barafu inayoyeyuka. Mwinuko wa Nairobi hausogezi kiwango chake cha kuyeyuka hata kwa 0.01. Na inashikilia sifuri kwa ukaidi wa ajabu: joto linaloingia ni kama mshahara unaokatwa deni kabla haujafika mfukoni. Gramu moja ya barafu humeza jouli 334 ili iyeyuke tu, joto ambalo lingepandisha gramu ya maji nyuzi 80. Deni lisipokwisha, mfuko haujai.

Ponda barafu, jaza thamosi, mimina maji safi baridi yazibe mianya, koroga. Maji ni ya lazima, maana barafu tupu kutoka friza huweza kuwa -18. Chumvi isiguse, hushusha kiwango. Kichwa kikae katikati dakika kadhaa.

Lakini sifuri inathibitisha sifuri tu. Kwa 37.5 nilikiweka kwenye thamosi ya maji vuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa cha dijitali, nikalinganisha. Anayehitaji cheti, maabara za KEBS, shirika la viwango la Kenya, hulinganisha vipimajoto na vipimo rejea.

Changu kilisoma 0.2 kwenye barafu. Nikazifuta zile nyuzi 6 siku hiyohiyo, kabla yai la kwanza halijaingia.